Mzigo Uliopimwa Mara Mbili

Neno la kusoma: Ezra 8:21-34

Neno hili nililihubiri Jumapili iliyopita, na najua nilipitiliza muda. Wenye mashua walianza kuangalia nje, maji hayamngoji mhubiri, na wengine mliondoka kabla sijafika mwisho. Basi naliandika hapa lote, pamoja na yale ambayo pale mimbarini ulimi ulikataa kuyatamka.

Naanza na sanduku.

Dada mmoja wa kanisa hili alikwenda Saudia kufanya kazi ya nyumbani. Alikaa miaka miwili na miezi mitatu. Mshahara ulikuwa riyali 900 kwa mwezi, na nyingi zilikuwa zinarudi huku: karo ya wadogo zake, mabati ya mama, dawa za babu. Katika kile kidogo alichojinyima mwenyewe alinunua bangili mbili za dhahabu. Nyembamba tu, si za kujionyesha. Zilikuwa za mama yake, maana mama yule tangu azaliwe hajawahi kuvaa dhahabu.

Aliogopa kuzivaa njiani. Wenzake walimwambia ukivaa utaporwa. Akazifunga ndani ya leso mpya, leso akaiweka katikati ya nguo, akatia kufuli dogo, sanduku likapimwa na kwenda zake kwenye ule mpira unaotembea. Njiani alibadilisha ndege. Kwa hivyo viwanja ni zaidi ya kimoja, na yeye mwenyewe hajui ni kipi, nami siwezi kumsingizia yeyote.

Alifika Vanga jioni, amevuka Likoni, amepanda matatu, sanduku limefungwa kamba juu ya keria. Wamama wamejaa mkekani, pilau inanukia. Akafungua mbele ya watu. Kufuli lilikuwepo. Zipu imefungwa. Leso ilikuwepo, tena imekunjwa vizuri kabisa, ila ule ukunjaji haukuwa wake. Ndani ya leso hamna kitu.

Mama alisema, "Mwanangu, wewe umefika, yatosha," akainuka kwenda kupakua chakula. Lakini shangazi waliangaliana. Na nyinyi mnaijua Vanga, mji wetu ni mdogo. Kesho yake asubuhi maneno yalikuwa yashafika sokoni: eti bangili, angenunua bangili kwa pesa gani? Eti amekula pesa zake huko, sasa anatuletea hadithi ya wezi wa uwanja wa ndege.

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo. Aliyefungua lile sanduku alichukua dhahabu, na pengine aliiuza siku hiyohiyo akaisahau. Lakini alimchukulia dada yetu kitu kingine ambacho hakukijua: neno lake. Msichana aliyeondoka hapa akiaminika alirudi akaonekana mwongo mbele ya mama yake. Na yule mtu alikunja leso! Alichukua muda wake akaikunja ili asijulikane, na kwa kule kuikunja akamfanya dada asisadikiwe. Angeivuruga ingekuwa nafuu, watu wangesema, kweli huyu kaibiwa.

Dada huyu alikaa miezi miwili bila kuja ibadani. Nilipokwenda kumtembelea aliniuliza swali moja tu. "Pasta, hao watu wa uwanjani, Jumapili huwa wanaenda kanisani?" Nikamwambia, wako wanaokwenda. Akasema, "Na wanaimba?"

Sikumjibu. Nilishika mkono wangu wa kushoto nikauficha nyuma, kwa sababu mkononi nilikuwa nimevaa saa. Nitaifikia hiyo saa.

Sasa fungueni Ezra sura ya nane. Wengi wetu tunakijua kitabu cha Nehemia kwa sababu ya ukuta, Ezra tunampita tu. Lakini mtu huyu alikuwa msafiri. Alitoka Babeli kwenda Yerusalemu, safari ya miezi minne, na watu na watoto, na mzigo ambao nikiutaja mtashangaa. Mfalme Artashasta na wakuu wake walikuwa wametoa matoleo ya nyumba ya Mungu: fedha talanta 650, vyombo vya fedha vya talanta 100, dhahabu talanta 100, na mabakuli 20 ya dhahabu. Talanta moja ilikuwa uzito ambao mwanamume mzima angeubeba kwa taabu. Piga hesabu mwenyewe. Na njia ilikuwa na majambazi, Biblia yenyewe yasema kulikuwa na wenye kuvizia.

Walipofika kwenye mto Ahava, Ezra alipiga kambi siku tatu. Alionea haya kumwomba mfalme askari na wapanda farasi. Alikuwa ameshamwambia mfalme kwamba mkono wa Mungu uko juu ya wote wamtafutao, sasa arudi kuomba bunduki? Hakurudi. Wakafunga, wakaomba.

Haleluya, hapo ndipo wahubiri wengi huishia. Mimi mwenyewe nimelihubiri mara ngapi: Ezra alifunga, Mungu akamlinda, toa sadaka ya safari, uende kwa amani. Lakini soma mstari unaofuata! Mtu huyu wa imani, aliyekataa askari, alipomaliza kuomba alitoa mizani. Akachagua wakuu wa makuhani kumi na wawili, akawapimia kila kitu mkononi mwao: fedha, dhahabu, vyombo, akijua uzito wa kila kimoja. Akawaambia kwamba wao ni watakatifu kwa Bwana na vyombo navyo ni vitakatifu, basi wakeshe wavilinde mpaka watakapovipima tena Yerusalemu mbele ya wakuu.

Walipofika walipumzika siku tatu, na siku ya nne vikapimwa ndani ya nyumba ya Mungu, mkononi mwa Meremothi mwana wa Uria, kuhani, na Eleazari, na Walawi wawili. Vyote, kwa hesabu na kwa uzito, na uzito ule wote ukaandikwa.

Hebu jiulize, kwa nini kuhani apimiwe? Si ni mtu wa Mungu? Ezra hakuwadharau makuhani wale. Aliwapa heshima kubwa kuliko yote, na heshima hiyo ilikuja na mizani. Mtu akikupa mzigo wake bila kuupima amekuachia mtego. Akikupimia akaandika, amekulinda wewe na nafsi yako. Ndugu zetu Waislamu hapa mjini hili wanalijua kwa neno amana, na wazee wao hawachezi nalo. Yuko nahodha jirani yangu ambaye ujana wake wote alikuwa akibeba mizigo ya watu, Vanga na Tanga, Tanga na Pemba. Aliniambia kila kifurushi alichopewa alikitaja kwa sauti mbele ya mabaharia wote kabla ya kung'oa nanga: hiki cha fulani, kinakwenda kwa fulani, kina kadhaa. Nikamuuliza, ulikuwa huwaamini mabaharia wako? Akacheka. Akasema, nilikuwa sijiamini mimi nikiwa na njaa katikati ya bahari.

Watu wangu, hilo neno ni zito kuliko mahubiri yangu.

Na kweli, tazama yanayotokea ulimwenguni. Msidhani dada yetu yuko peke yake, wala msidhani ni mambo ya nchi maskini. Huko Marekani, katika uwanja wa Newark karibu na New York, alikuwako mkaguzi wa mizigo aliyeitwa Pythias Brown. Kwa muda wa miaka kama minne alichukua kamera, kompyuta, simu, vito, mali ya zaidi ya dola 800,000. Alikamatwa mwaka 2008 kwa sababu ya kamera ya kituo cha televisheni cha CNN, aliyoiweka sokoni kwenye intaneti na vibandiko vya kituo bado viko juu yake. Alifungwa miaka mitatu, na alipotoka alisema mwenyewe kwamba ilifika mahali kuiba kukawa rahisi mno, mpaka akajisahau. Katika uwanja huohuo, msimamizi mmoja wa wakaguzi alikiri mahakamani mwaka 2011 kwamba alikuwa anapokea mgawo kutoka kwa mfanyakazi wa chini yake aliyekuwa akiwaibia abiria. Msimamizi! Yule aliyewekwa kuangalia. Idara yao ilifukuza wafanyakazi karibu 400 kwa wizi katika miaka kama kumi.

Mwaka 2023 huko Miami kamera ziliwaonyesha wakaguzi wakichomoa pesa kwenye mikoba wakati mikoba inapita kwenye mashine, na mwenyewe amesimama upande wa pili bila viatu, mikono juu. Katika pochi moja zilitoka dola 600. Mwaka huohuo huko Manila, mkaguzi mmoja alionekana kwenye kamera akijisukumia kitu mdomoni na kunywa maji. Walisema alikuwa anameza noti za abiria, dola 300. Mlicheka sana nilipolisema hili kanisani, nami nilicheka. Na jirani zetu Uganda, mwanzoni mwa 2023 ilikuwa ni gumzo la Entebbe, mpaka mamlaka yao ya usafiri wa anga ikasema wazi kwamba wako watumishi waliokamatwa na kufikishwa mahakamani kwa kuwaibia abiria.

Mnaona jinsi mambo yote haya yanavyofanana. Si mwizi wa panga. Ni mtu mwenye sare na beji, ambaye sheria inakuamuru umpe vitu vyako. Ukikataa, husafiri. Unavua mshipi, unatoa simu, pochi unaiweka kwenye trei, trei inaingia kwenye lile tundu jeusi, wewe unapita pembeni. Kwa dakika ile moja umeachana na mali yako kwa sababu umetii. Sanduku kubwa ndiyo zaidi: linafunguliwa mahali ambapo huruhusiwi kufika. Mwizi wa kawaida anaiba kwa sababu umezembea. Huyu anaiba kwa sababu umetii. Ndiyo maana mimi naona dhambi hii iko karibu sana na ile ya wana wa Eli, waliochukua nyama ya watu waliokuja kumtolea Mungu sadaka.

Sasa saa.

Yuko kijana wetu aliyelelewa katika kanisa hili, darasa la watoto mpaka kwaya. Alipata kazi ya kukagua mizigo katika uwanja fulani wa ndege. Uwanja siutaji, na mambo mengine madogo nimeyabadilisha ili asijulikane, lakini haya ninayosema amenipa ruhusa niyaseme, tena alinisihi. Kijana huyu alikuwa mtoaji. Zaka yake haikukosa. Spika ile kubwa ya upande wa kushoto, shilingi 15,000 zilitoka kwake. Na Krismasi ya mwaka juzi aliniletea zawadi ya saa.

Saa nzuri, wapendwa. Nzito. Niliivaa kila Jumapili. Nikihubiri nilikuwa nainua mkono wa kushoto kuliko wa kulia, mke wangu alinicheka kwa hilo. Na siku ya kwanza kabisa nilipoigeuza niliona nyuma yake pamechongwa herufi mbili na mwaka. Haikuwa imetoka dukani vile. Mtu alimchongea mtu mwingine, labda siku ya harusi, labda siku ya kustaafu.

Niliona. Sikuuliza. Hilo ndilo lililonishinda kulitamka Jumapili. Nilijiambia ni mtumba, siku hizi hata saa za mtumba zipo. Nilijua kijana anafanya kazi wapi. Nilijua mshahara wake, maana nilimwombea alipoulalamikia. Na niliivaa saa ile miezi kumi na minne, nikaivaa siku ya Pasaka, nikaivaa nikienda kumfariji dada aliyeibiwa bangili.

Mnamkumbuka Gehazi, 2 Wafalme sura ya 5. Naamani, mgeni kutoka Shamu, mtu wa safari, ameponywa, anarudi kwao. Elisha amekataa zawadi yake yote. Gehazi akamkimbilia njiani, akatunga uongo wa vijana wawili waliofika, akapata talanta mbili za fedha na mavazi mawili, akayaficha nyumbani. Akarudi akasimama mbele ya bwana wake kama kawaida. Siku zote nimemhubiri Gehazi kama mtumishi mwenye tamaa. Sikuwahi kuuliza ingekuwaje kama Elisha naye angepokea joho moja akanyamaza. Gehazi angekemewa na nani?

Kijana alikuja kwangu baada ya mkesha wa mwezi wa pili. Alikaa kwenye kiti cha plastiki pale ofisini, akalia kwanza. Halafu akasema, "Baba, hiyo saa uivue." Nikaivua.

Akanieleza ilivyoanza, nami nataka wazazi na vijana mlisikie hili vizuri kwa sababu halikuanza na saa. Lilianza na manukato. Abiria haruhusiwi kuingia ndani na chupa ya maji au mafuta inayozidi mililita 100 kwenye mkoba wa mkononi, basi chupa zinaachwa pale. Ni vitu vya kutupwa. Mwenzake mmoja wa zamu akamwambia, vya nini kutupa, mpelekee mama. Akampelekea. Mama akafurahi, akanukia kanisani. Kisha ikawa mshipi uliosahauliwa kwenye trei, abiria ameshakimbilia ndege. Kisha miwani. Kisha siku moja mkubwa wao wa zamu akamkunjia noti mkononi bila kusema neno, naye akajua ni mgawo wa kitu ambacho hakukiona. "Nikirudisha," aliniambia, "naonekana mchongezi. Nikikaa nayo, nimeingia." Akakaa nayo. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kumfundisha.

Saa yangu ilitoka kwenye trei. Mzee mmoja mgeni, anasema, alipita akarudi, akauliza, akaambiwa pengine umeiacha hotelini. Yule mzee akasema samahani. Aliyeibiwa ndiye aliyeomba msamaha! Kijana anasema neno lile samahani ndilo lililomkosesha usingizi, si mahubiri yangu.

Akaniuliza, "Pasta, niache kazi?" Nilimwambia tusome Luka 3. Watoza ushuru walimjia Yohana Mbatizaji, na askari nao wakamjia, wakamuuliza wafanye nini. Yohana hakuwaambia waache kazi. Watoza ushuru aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoagizwa. Askari aliwaambia wasimtoze mtu kwa nguvu, wasimsingizie mtu, watosheke na mshahara wao. Mnaona, askari na watu wa forodha walikuwa wanabatizwa palepale Yordani na sare zao. Wako watu wa kazi hizo katika kanisa hili, wengine wa mpakani Lunga Lunga, wengine wa bandarini, wengine walinzi wa hoteli za Diani wenye funguo za vyumba vya wageni. Sisemi nyinyi ni wezi. Nasema Yohana alikuwa na neno lenu maalumu, na lilihusu mshahara.

Lakini kijana hakuwa ameuliza kila kitu. Akasema, Zakayo alirudisha mara nne kwa sababu aliwajua watu wa Yeriko. "Mimi nimrudishie nani? Siwajui hata majina."

Hapo, wapendwa, shetani alinitembelea ofisini. Kwa sababu nilikumbuka Hesabu sura ya 5. Sheria ya Musa inasema aliyemkosea mwenziwe aungame, arudishe kitu chote na aongeze sehemu ya tano, na kama aliyekosewa hana jamaa wa kurudishiwa, basi kile kitu ni cha Bwana, apewe kuhani. Apewe kuhani! Mchungaji mwenye paa linalovuja angeweza kupita kwenye mlango ule akiimba. Ningeweza kumwambia, mwanangu, wenyewe hawapatikani, leta madhabahuni, tuombee, yaishe. Naye angeondoka na amani ya uongo, mimi ningebaki na saa.

Ukweli ni kwamba wenyewe wanapatikana. Sanduku linaloingia kwenye ndege lina karatasi yenye namba ya tarakimu kumi, na namba hiyo imeandikwa pamoja na jina la abiria, ndege na siku. Mtu akikosa kitu huandika malalamiko kwenye kaunta. Mzee yule huenda aliandika barua ya kuuliza saa yake, na barua imekaa kwenye faili mahali fulani. Mambo ya Ezra hayajaisha: vinapimwa, vinaandikwa. Anayesema simjui mwenyewe mara nyingi hajataka kuuliza, kwa sababu ukiuliza utajulikana.

Basi tulifanya hivi. Kijana alikaa mchana kutwa akaandika kila alichokumbuka: kitu gani, mwezi gani, ndege ya kwenda wapi kama anakumbuka. Vilikuwa vitu kumi na kimoja. Vilivyobaki nyumbani kwake vilikuwa vinne, na saa ya tano. Akaenda nayo ile karatasi kwa wakubwa wake. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, ndani aliingia peke yake. Amesimamishwa kazi. Yatakayofuata ni ya sheria, na mimi nimemwambia sitakwenda kumwombea huruma ya njia za nyuma. Sala nitamwombea, hizo nyingi.

Wazee wa kanisa nao tumekaa. Zile 15,000 za spika tumekubaliana tuzitenge, kidogo kidogo mpaka zitimie, zingoje wenyewe. Mzee mmoja alisema spika haina kosa. Kweli haina. Lakini tunamwimbia Mungu kupitia kwayo, na mimi kila nikiisikia nasikia lile swali la dada: na wanaimba?

Mama wa kijana hanisalimii. Namwelewa. Wadogo wa kijana walikuwa wanasoma kwa mshahara ule, na yeye anaona mimi ndiye niliyemtia mwanawe shimoni kwa mahubiri. Mama yangu, ukisoma haya, mlango wangu uko wazi, na karo ya muhula huu kanisa limeanza kuichangia. Usikatae kwa hasira.

Neno kwa mnaosafiri, maana vijana wetu wengi wanaendelea kwenda Ghuba na siwezi kuwazuia. Dhahabu, pesa, simu na vyeti visiingie kwenye sanduku kubwa. Viwe mwilini au kwenye mkoba unaoubeba. Piga picha ya vitu kabla ya kufunga, umtumie ndugu yako. Karatasi ya namba usiitupe mpaka ufike nyumbani. Ukifika, fungua sanduku palepale uwanjani kabla hujatoka nje, na ukikuta limeguswa, andikisha palepale. Kwa mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, malalamiko ya mzigo ulioharibiwa yanatakiwa yaandikwe ndani ya siku 7. Dada yetu hakulijua hilo, na sisi kanisa tulimwekea mikono siku anaondoka, tukampa mafuta ya upako, hakuna hata mmoja aliyemwambia. Tulifunga kama Ezra, mizani tukaisahau.

Jumapili ile nilipofika kwenye habari ya saa, yule dada alikuwa amekaa nyuma, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Aliinuka akatoka. Baada ya ibada nilimkuta chini ya mwembe ananingoja. Akasema, "Huyo kijana ni nani?" Nikamwambia siwezi kumtaja. Akasema, "Alikuwa anakunja nguo za watu?" Nikamwambia hilo sikumuuliza, na ni kweli sikumuuliza. Akaniangalia kwa muda, akaenda zake bila kuaga.

Nimemuuliza kijana tangu siku hiyo. Amesema ndiyo, alikuwa anakunja.

Sijajua kama nimwambie dada. Jumatano aliingia kwenye maombi, akakaa karibu na mlango.

Maombi ya Jumatano ni saa kumi na moja jioni kama kawaida. Nitakuwa ofisini tangu saa tisa. Aliye na kitu cha mtu na aje nacho, au aje bila kitu tukaandike kwanza. Saa iko kwenye bahasha, inangoja kuitwa na wenye faili.